Maneno ya Mkasi Ukutani

Jina la Mkasi hakulipata kwa sababu ya kazi. Mafundi wote wa kikundi chao cha cherehani wana mikasi, wengine hata miwili, na hakuna mwingine anayeitwa hivyo. Yeye alilipata kwa sababu ya mdomo. Mteja akija na gauni linalombana, akilalamika kwamba fundi wa kwanza alimharibia, wengine watampa pole na kumwambia aliache. Mkasi atalitazama gauni, atamtazama mwenyewe, kisha atasema gauni halina kosa lolote ila lilishonwa kwa ajili ya mtu wa mwaka juzi. Na huyo mteja atacheka, ataacha gauni, na siku nyingine atarudi na dada yake. Ndivyo alivyo Mkasi. Anakata, lakini anakata penye mstari.

Kikundi chao kilikuwa kinashonea koridoni, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Usije ukafikiri nasema korido kwa kutia chumvi. Ilikuwa korido kweli, upana wake cherehani moja na mtu mmoja mwembamba, na wembamba kikundini hawakuwa wengi. Aliyekaa ndani kabisa akitaka kutoka, wote walio mbele yake wainuke, wasogeze viti, wabane matumbo. Dirisha lilikuwapo, ila mwenye duka alikuwa amelipangia mabati upande wa nje, kwa hiyo mchana walishona kwa taa, na taa yenyewe ilikuwa ya njano kama mgonjwa wa ini. Kwenye mwanga huo uzi mweusi na uzi wa buluu iliyokolea ni ndugu mapacha. Utajua umekosea mteja akishalitoa vazi juani, na hapo atakuwa ameshafungua mdomo.

Sasa mjini hapo palikuwa na ghala la zamani lililokarabatiwa likagawanywa vyumba, na kamati ya jengo ikatangaza kwamba vikundi vinavyotaka chumba vije vijieleze. Chumba walichokitaka mafundi kilikuwa cha chini, chenye mlango wa barabarani na madirisha mapana yasiyo na mabati ya mtu. Wote walikipenda, na si wao peke yao. Mfanyabiashara mmoja wa simu naye alikuwa amekitolea macho. Masharti ya kamati yalikuwa haya: kila mwombaji ataitwa siku moja, atapewa dakika kumi, na ajieleze kwa slaidi za kompyuta, zinazoonyeshwa ukutani. Atakayekosa atapewa kilichobaki huko juu ghorofani, au hatapewa kitu.

Kwa miaka yote, aliyekisemea kikundi kwenye mambo kama hayo alikuwa Mshauri. Huyu ni kaka mkubwa wa mume wa Mkasi, karani mstaafu wa kiwanda cha sabuni, mtu wa koti na kalamu mbili mfukoni. Mkutano ukiitwa, Mshauri anatangulia, mafundi wanafuata na kukaa nyuma yake, mikono mapajani. Anasimama, anasalimu. Anasalimu mwenyekiti, makamu wa mwenyekiti, wajumbe, wageni waalikwa, na wale ambao hakuwataja ila nao anawatambua. Akimaliza kusalimu, muda umekwisha. Ndiyo maana kila walichoomba walirudi na kidogo chake. Waliomba chumba wakapewa korido. Waliomba mwanga wakapewa ushauri wa kufungua dirisha.

Safari hii Mkasi alimwendea mapema, kabla hajaanza kunyoosha koti, akamwambia kwamba atasema yeye.

Mshauri hakukasirika. Alicheka kwa upole, kicheko cha mtu anayemwona mtoto amevaa viatu vya baba yake. "Shemeji," akasema, "wewe una mdomo wa barazani. Pale panakaa watu wa ofisini. Kazi yenu kushona, kazi yangu kusema. Tusiingiliane."

"Hiyo kazi ya kusema nani alikupa?"

"Si nyinyi wenyewe?"

"Basi tumeichukua."

Kicheko kikamwisha. Akamuuliza hizo slaidi ataziwasha na nini, sindano? Kisha akaenda kumshtaki kwa mdogo wake. Mume wa Mkasi ni fundi baiskeli, mtu asiyependa makelele. Jioni ile alimwomba mkewe, kwa sauti ya chini, amwachie kaka siku hiyo moja tu, mzee asijisikie vibaya. Mkasi alimjibu kwamba kaka akitaka siku achukue, lakini atafute na mafundi wake wa kwenda nao. Mume akatazama gurudumu alilokuwa akilinyoosha, akaona gurudumu lina nafuu, akaendelea nalo.

Ikabaki shida moja, na si ndogo. Mkasi alikuwa hajawahi kugusa kompyuta.

Mwanawe wa kwanza alikuwa ameoa mwalimu wa kompyuta wa shule ya sekondari. Binti mpole, mwenye heshima zake, na tangu siku ya posa alikuwa anamwogopa mama mkwe wake kama watu wanavyoogopa pasi ya moto: hawaikimbii, ila hawaisogelei. Aliposikia habari hiyo alisema mama asihangaike, atamtengenezea slaidi zote, zinazopendeza, mama akabonyeze tu.

"Ukinitengenezea," Mkasi akamwambia, "nitakuwa nimebadilisha shemeji nikaweka mkwe. Nifundishe."

Basi wakaanza, alasiri za mapumziko, kwenye meza ya kulia ya mkwe. Mausi ilimpa tabu mwanzoni kwa sababu aliishika kama pasi. Aliikandamiza, akaisukuma kwa uzito wake wote mpaka ukingoni mwa meza, na kishale kule kwenye kioo kikapotea pembeni. Mkwe akamwambia taratibu, mama, hainyooshi kitu. Herufi za kibodi alizitafuta moja moja kama mtu anayechambua vifungo bakulini. Lakini mkono wa fundi ni mkono wa fundi. Baada ya wiki chache alikuwa anaandika, anaingiza picha, anaongeza slaidi na kuifuta.

Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo fundi cherehani peke yake ndiye angeweza kulifanya.

Fundi anayeheshimika hapotezi kitambaa. Mkasi akitandika kitambaa mezani, kola anaipanga katikati ya mikono, mfuko anauchomeka kwenye mkunjo wa kwapa, mkanda anaupitisha pembeni, na akishakata, kinachobaki hakitoshi hata kufunga kidole chenye jeraha. Wateja wanamsifia hilo. Sasa slaidi ilipofunguka mbele yake, nyeupe, pana, haina hata doa, yeye aliona kitambaa. Nafasi yote hiyo ikae bure? Akaandika juu. Akaandika chini. Historia ya kikundi akaiteremsha upande wa kushoto, majina ya vyeo upande wa kulia, picha ya cherehani akaibana kwenye kona, na kati ya miguu ya hiyo cherehani akakuta pengo, akatia maneno mengine humo. Yalipokataa kuingia alipunguza ukubwa wa herufi, yakaingia. Akarudi nyuma kidogo akaitazama kazi yake, akaridhika. Palikuwa hapana hata mahali pa kuchoma pini.

Mkwe aliiona.  Akasema, "Mama, nafasi umeitumia yote."

Mkasi akaipokea kama sifa, akajaza nyingine tano za namna hiyo.

Siku ya kujaribu, mkwe aliazima projekta ya shule, wakatundika shuka mwishoni mwa korido, mafundi wakageuza viti. Mkasi akasimama akaanza. Alisoma slaidi ya kwanza yote, kuanzia juu kushoto mpaka chini kulia, na kwa kuwa herufi zilikuwa kama chawa, ilimbidi awape mafundi mgongo ili aone. Nyuma yake kila mtu alikuwa kwenye safari yake. Mmoja alisoma chini wakati yeye yuko juu, akauliza kuhusu jambo ambalo bado hajalifikia. Mwingine alikuwa anatafuta cheo chake pale upande wa kulia. Mama Pacha, aliye mkubwa wao kwa umri, alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena, mwisho akainuka akaenda mpaka kwenye shuka, kivuli chake kikafunika nusu ya historia ya kikundi. Mkasi alipogeuka alimkuta fundi mmoja anapinda suruali.

"Mwenzetu," Mama Pacha akasema, pua yake iko karibu na shuka, "hii ni shuka au gazeti?"

Wakacheka, na Mkasi angecheka nao, maana yeye hutania akataniwa. Ila kule mwanzo wa korido alikuwa amesimama Mshauri. Haikujulikana alifika saa ngapi. Alisema tu kwamba wakiona wanamhitaji, wanajua nyumba yake ilipo, akaondoka taratibu, na mgongo wake ulikuwa umefurahi.

Watu walipotawanyika Mkasi akabaki na mkwe, wanakunja waya. Akamuuliza, bila kupandisha sauti, na hiyo ndiyo hatari zaidi:

"Ulijua kwamba hazisomeki?"

"Nilijua, mama."

"Mbona hukusema?"

Binti akatazama chini. "Nilikuogopa."

"Kwa hiyo mimi nikikushonea gauni lenye mkono mmoja utalivaa unyamaze?"

Mkwe akamalizia kukunja waya. Kisha, pengine kwa uchovu wa siku ile, ikamtoka. "Gauni la harusi ulilonishonea lilinibana makwapa, mama. Nililivaa, nikanyamaza."

Mkasi akamtazama. Akavuta kiti, akakaa, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, na mkwe naye akashindwa kujizuia. Wakacheka wawili koridoni kama wendawazimu. Alipopumua alimwambia kwamba kuanzia siku hiyo penye kosa aseme, na gauni alilete hata leo, lifumuliwe.

Binti akasema, na alikuwa na mengi. Alimweleza kwamba mtu hawezi kusoma na kusikiliza kwa wakati mmoja. Ukimwekea maneno mengi ukutani atasoma, na wewe utakuwa unaongea na hewa. Slaidi moja ibebe jambo moja. Herufi zionwe na aliyekaa nyuma kabisa tena mwenye macho mabovu. Na anayesema awatazame watu, si ukuta. Ukuta haupigi kura. Mkasi alisikiliza huku akibishabisha, maana nafasi ile nyeupe ilikuwa inamuuma. Mwisho akawaza juu ya duka la nguo la mtaa wa pili. Dirishani pa duka lile hapatundikwi rundo. Linatundikwa gauni moja, na pembeni yake patupu, na ni ule utupu unaomsimamisha mpita njia.

"Kumbe si kitambaa," akasema. "Ni dirisha la duka."

"Ndiyo, mama."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo tusingeaibika."

Akaanza kukata. Historia ya kikundi ilikwenda na maji, na vyeo vikafuata, ingawa wenye vyeo walinuna. Kila alilolifuta slaidini alilihamishia mdomoni, na mdomo, kama tujuavyo, ulikuwa na nafasi. Mara moja alirudi nyuma: aligundua mwenyewe kitufe cha kufanya herufi ziingie zikizunguka kama vipepeo, akazipenda kama anavyopenda nakshi za shingoni, akazitia kila mahali. Mkwe wa zamani angesema zinapendeza. Huyu mpya alimwambia kwamba watu watakaa kungoja herufi zitue badala ya kumsikiliza yeye. Mkasi akanung'unika, akazitoa.

Picha alipiga mwenyewe kwa simu. Alipiga korido ikiwa na watu wote, matumbo yamebanwa. Halafu akapiga mshono. Ilikuwa suruali ya buluu iliyokolea, ya mteja aliyeirudisha kwa hasira, mguu mmoja umeshonwa kwa uzi wake na mwingine kwa uzi mweusi, na juani tofauti ilipiga kelele. Mafundi walipoona anataka kuipeleka hiyo mbele ya kamati walishtuka. Mama Pacha alimwambia atawavua nguo. Watasema hawajui kazi, na chumba ndiyo basi tena. Mwingine akauliza kwa nini asionyeshe yale magauni ya maharusi.

"Magauni ya maharusi yanasema tunaweza kushona koridoni," Mkasi akasema. "Basi tubaki koridoni?"

Hawakuridhika. Suruali ikaingia.

Siku ilifika. Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu, chupa za maji mbele ya kila mjumbe, na ukuta mweupe wa kuonyeshea. Mwenyekiti alikuwa mzee mnene aliyepandisha miwani kwenye paji la uso na kuisahau hapo. Kijana wa simu aliitwa kwanza. Tusimseme vibaya, alikuwa amejiandaa. Simu zake ziling'aa ukutani, yeye aling'aa chini, na wajumbe walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mwisho akaweka slaidi yenye maua na maneno ya kushukuru kwa kusikilizwa, kama waombaji wote wa siku ile, akachomoa kompyuta yake, akaenda kukaa akiwa na uso wa mwenye chumba. Mafundi waliokuwa nyuma, pamoja na mkwe, wakatazamana. 

Wakaitwa. Mkasi akainuka, kompyuta kwapani na waya mkononi. Na kwenye safu ya mbele, koti limenyooka, kalamu mbili mfukoni, Mshauri naye akainuka.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akaanza, "mheshimiwa makamu wa mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe…"

Mwenyekiti akauliza anayesema ni nani, maana anaona watu wawili. Mshauri akaeleza kwamba yeye ni mshauri wa kikundi, atafungua kwa maneno machache, halafu shemeji yake atakuwa anabonyeza picha.

Mkasi alikuwa ameshafika mezani. Akachomeka waya kwanza. Kisha akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, atakayesema ni mimi. Shemeji yangu atakaa."

 Mshauri akabaki amesimama, mdomo haujafungwa vizuri, akingoja mtu wa kumwambia huyu mwanamke aache utovu wa adabu. Aliyejibu alikuwa Mama Pacha, ambaye katika mikutano yote ya kamati zote alikuwa hajawahi kutoa sauti hata ya kukohoa.

"Akae," akasema.

Akakaa.

Mkasi akafungua picha ya korido. Haikuwa na neno hata moja. Akawaacha waitazame mpaka mjumbe mmoja akajisogeza kwenye kiti kama aliyebanwa yeye. Ndipo akasema, "Hapa ndipo tunapofanyia kazi. Huyo wa mwisho akitaka kutoka, tunainuka wote." Akapita. Ikaja suruali, mguu wa buluu na mguu wa uzi mweusi, imejaa ukuta mzima. Nyuma Mama Pacha akafumba macho. Mkasi akawaambia kwamba kazi hiyo ni yao, waliishona wao, na fundi aliyeishona ana miaka mingi kazini kuliko umri wa baadhi ya waliomo humo. Hajasahau kazi. Hakuona. "Mnachokiona hapo si ubovu wa mkono. Ni ubovu wa mwanga."

Mjumbe mwanamke aliyekaa pembeni akainama mbele kuitazama vizuri. Mwenyekiti, yeye, alikuwa bado na korido. Alikuwa ameegemea kwa jirani yake, anamuuliza kama ile si korido ya nyuma ya duka la fulani, na mlango wake uko upande gani, na jirani anamwelekeza kwa kidole hewani, wote wawili wanacheka kidogo. Watu wakubwa wakicheka wengine hungoja. Mkasi hakungoja. Kwenye kibodi kuna herufi moja, ukiibonyeza wakati slaidi ziko hewani, ukuta wote unakuwa mweusi. Akaibonyeza.

Mwenyekiti akainua kichwa, akaitazama taa. "Umeme umekatika?"

"Umeme upo, mheshimiwa. Nimezima mimi. Picha mmeziona, sasa nitazameni mimi."

Wakamtazama. Hapakuwa na kingine cha kutazama.

Akasema nao kama anavyosema na mteja mgumu, amesimama wima, sauti haikupanda. Aliwaambia kwamba cherehani ya chuma si simu, haipandishwi ngazi mfukoni. Kwamba wateja wao ni pamoja na bibi wenye magoti mabovu, na mwanamke anayekuja kupimwa kifua na kiuno anapimwa koridoni, huku akimpisha mpita njia wa kwenda chooni. Kwamba wasichana wanaotaka kujifunza kazi wanafika, wanachungulia, wanarudi, na yeye hawalaumu, angekuwa wao naye angerudi. Na kwamba kila wakiomba wanaambiwa wavumilie, nao wamevumilia mpaka macho yamekwenda. "Hatukuja kuonewa huruma. Tumekuja kwa sababu chumba kinafaa kazi yetu, na kazi yetu inafaa chumba."

Mwenyekiti akateremsha miwani machoni. Akamgeukia Mshauri, akamuuliza kama hayo yote ni kweli.

"Swali aulizwe aliyesema," Mkasi akasema.

Mzee akamrudia. Alikuwa amekereka, na hakuficha. "Haya. Tukiwapa, mkashindwa kukitunza?"

"Mtatutoa. Lakini mtutoe kwa kushindwa, msitunyime kwa kukisia kwamba tutashindwa."

Akabonyeza tena, ukuta ukarudi, na slaidi ya mwisho ikakaa juu yake. Haikuwa na maua wala shukrani. Shukrani alizitoa kwa mdomo, za kutosha. Pale ukutani palikuwa na mstari mmoja, herufi kubwa kama mabango ya barabarani: TUNAOMBA CHUMBA CHA CHINI CHENYE MLANGO WA BARABARANI.

Waombaji wakaambiwa watoke nje, kamati ijadili. Mkwe akanyoosha mkono kuchomoa waya. Mkasi akamshika kifundo cha mkono, akamtoa nje taratibu, kompyuta ikabaki mezani inaunguruma.

Kibarazani Mshauri alimfuata. Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Shemeji, umenivua nguo mbele za watu."

"Sikukuvua wewe," Mkasi akamjibu. "Nimevaa zangu."

Alitaka kuongeza jingine, lililo kali zaidi, lilikuwa tayari ulimini. Akamtazama mzee, koti limenyooka na mabega yamelala, akalimeza. Wakakaa benchi moja, kila mtu mwisho wake.

Ndani sauti zilipanda, zikashuka. Mlango ukafunguka, karani wa kamati akatoa kichwa. Akasema mama aje aondoe maneno yake ukutani, mwenyekiti anasema yanamsumbua.

"Wameshaamua?" Mkasi akauliza.

"Bado."

"Basi yaache yamsumbue."

Mkwe akashika kichwa. Karani akarudi ndani, na haukupita muda mwenyekiti akatoka mwenyewe, mkono kiunoni. "Mama, tunashindwa kujadili waombaji wengine. Kila tukiinua macho, ombi lako linatukodolea. Nilitaka kuchomoa ule waya mimi mwenyewe, karani akasema kompyuta ikiharibika ni juu yetu."

"Karani yuko sawa."

"Sasa njoo uchomoe."

"Mkishaamua nitachomoa, mheshimiwa. Hata mkitunyima. Nitaingia niyatoe kwa mkono wangu, wala sitawaambia neno." Akakunja mikono. "Lakini mkitunyima, mtunyime mnayatazama."

Kijana wa simu, upande wa pili wa kibaraza, aliacha kubofya simu yake. Mwenyekiti alimtazama Mkasi kwa kitambo, kama mtu anayepima kitambaa kwa jicho. Kisha akageuka, akaingia, akaufunga mlango. Mama Pacha akaanza kusema kwamba hapo ndipo walipoharibu, kwamba mtu hapigani na mwenye funguo. Mkasi aliukazia macho mlango uliofungwa. Moyo wake ulikuwa unakwenda kama cherehani isiyo na kitambaa, lakini mikono hakuikunjua.

Walipoitwa, mstari ulikuwa bado ukutani. Mwenyekiti aliusoma uamuzi bila kumtazama mtu. Kijana wa simu amepewa chumba cha ghorofani, chenye roshani. Kikundi cha mafundi kimepewa cha chini, kwa mwaka mmoja wa kutazamwa, na ufunguo utakaa kwa Mshauri, akiwa ndiye mtu mzima wa kikundi.

Nyuma mafundi walikuwa wameshaanza kukumbatiana. Mkasi alikuwa bado amesimama.

"Mtu mzima wa kikundi ni huyu hapa," akasema, akamwonyesha Mama Pacha. "Huyu alikuwa anashona wakati shemeji yangu anavaa kaptula za shule."

Mjumbe yule mwanamke akacheka kabla hajajizuia. Makamu akafuata. Mwenyekiti akaiondoa miwani kabisa, akajifuta uso kwa kiganja, akasema ufunguo wauchukue watakavyo, ila kwa hisani yake, mama, amwondolee yale maneno.

Akayaondoa. Alifunga kompyuta, akachomoa waya, akampa mkwe wake, na mkwe, aliyekuwa haogopi tena, alimnong'oneza kwamba alikuwa amepitisha zile dakika kumi. Mkasi akasema wangemkata kama walitaka.

Hawakungoja kesho, kamati isije ikalala ikaamka na mawazo mengine. Alasiri ileile mafundi walikwenda koridoni, wakamwomba fundi baiskeli, mume wa Mkasi, mkokoteni wake, akauleta mwenyewe bila kuuliza, na cherehani ya kwanza ikasukumwa barabarani mchana kweupe mpaka mbele ya ule mlango. Ilikuwa ya zamani, ya chuma kitupu, nzito kama kosa. Mkasi alishika upande mmoja kuiteremsha. Upande wa pili ukashikwa na mkono wenye koti. Mshauri hakumtazama.

 "Inua vizuri upande wako, shemeji," Mkasi akamwambia. "Mguu unaburuza."